Vioo vyeusi, gari bado linachoma

"Fundi, vioo vyangu vyote ni vyeusi, mbona foleni ya saa saba mchana bado naungua?"

Swali hili huulizwa kote Dar es Salaam: huulizwa Sinza, huulizwa Tegeta, huulizwa Mbagala Rangi Tatu. Mara nyingi anayeuliza ameshalipa mara mbili: kwanza aliweka giza, joto lilipobaki akaongeza giza. Na fundi anayemjibu "basi tuweke nyeusi zaidi" si lazima awe mwongo. Naye aliuziwa rolo lake la tinti kwa kigezo hichohicho.

Sura hii inamhusu mwenye duka la tinti. Ana mtaji wa marolo machache, wateja wanaotaka kila kitu kwa bei ya chini, na muuzaji wa jumla anayemsifia kila boksi. Ushauri wangu ni kwamba achague rolo kwa vitu vitatu, yaani joto linalozuia, gundi yake na uimara wa rangi yake, kisha giza liwe la mwisho kuulizwa. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia.

Jua linaingiza nini garini

Mwanga wa jua unaofika kwenye kioo una sehemu tatu. Ya kwanza ni mwanga tunaouona, ambao hubeba asilimia 40 na kitu ya nguvu yote ya jua. Ya pili ni miale ya infraredi, mionzi isiyoonekana ambayo ngozi huihisi kama joto. Hii ni karibu nusu ya nguvu yote. Ya tatu ni mionzi ya urujuanimno, nayo haionekani. Ni kidogo, takriban asilimia 5, lakini ndiyo inayopausha viti, kupasua dashibodi na kuidhuru ngozi.

Giza la kioo linashughulika na sehemu ya kwanza tu. Kioo kinaweza kuwa cheusi kiasi cha kumficha aliyemo ndani huku kikiipitisha infraredi kwa wingi. Hilo ndilo jibu fupi kwa mteja wa foleni.

Jibu refu kidogo linategemea anakoishi. Magari yetu yana usukani kulia. Dereva anayetoka Mbagala asubuhi kwa Barabara ya Kilwa anaelekea kaskazini, na kwa sehemu kubwa ya njia jua la mashariki liko kulia kwake. Jioni anarudi kusini, jua limeshahamia magharibi, na magharibi sasa iko kulia kwake tena. Mkono wake wa kulia unachomwa kwenda na kurudi. Wa Tegeta au Bunju anayetumia Barabara ya Bagamoyo hali yake ni tofauti: jua liko kushoto asubuhi na kushoto jioni, kwa hiyo anayeungua ni abiria wake. Fundi anayemuuliza mteja "unaishi wapi, unatoka saa ngapi?" kabla ya kufungua rolo anajua tayari ni kioo gani kinastahili tinti bora, na anaweza kumwokolea mteja pesa kwenye vioo vingine.

Kuna pia jua la utosini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri husimama wima juu yetu. Saa hizo vioo vya milango havipokei mengi. Joto linaingia kwa bati la juu na kioo cha mbele, na hakuna tinti ya mlango itakayolizuia. Mteja aambiwe hivyo mapema.

Aina za tinti, kwa lugha ya gereji

Tinti ni utando mwembamba wa poliesta, plastiki ya jamii moja na ile ya chupa za maji. Upande mmoja una gundi ya kushika kioo, upande mwingine una ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, na katikati kuna kile kinachofanya kazi. Tofauti ya bei iko hapo katikati.

*Tinti ya rangi.* Hii ndiyo iliyojaa mitaani. Poliesta imetiwa rangi, au, kwa zile za bei ya chini kabisa, rangi imechanganywa na gundi. Inapunguza mwanga unaoumiza macho, inaficha aliyemo ndani na ni rahisi kuikunja kwenye kioo cha nyuma chenye mzingo. Udhaifu wake ni kwamba inazuia joto kwa kulimeza. Kioo chenyewe kinapata moto, halafu joto hilo linagawanyika: jingine linatoka nje, jingine linaingia ndani. Gari likiwa linatembea, upepo wa nje hulibeba sehemu kubwa. Gari likisimama kwenye foleni ya Tazara au Ubungo, upepo haupo, na kioo kilichomeza joto kinamtazama dereva kwa karibu. Hii ndiyo sababu malalamiko mengi huja na neno "foleni" ndani yake.

Udhaifu wa pili ni rangi yenyewe. Jua huzivunja rangi kwa kasi tofauti. Nyeusi iliyotengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa hubaki na ile isiyovunjika haraka, na kioo kinageuka zambarau. Kila mkazi wa Dar ameliona gari la namna hiyo.

*Tinti ya kaboni.* Chembe ndogo za kaboni ndizo zinazotoa weusi. Haigeuki zambarau, na inazuia joto kuliko ya rangi tupu. Kwa duka la Temeke au Kinondoni lenye wateja wa magari kama IST, Vitz na Passo, naiona ndiyo nguzo ya biashara.

*Tinti ya metali.* Utando mwembamba sana wa metali unarudisha joto nje badala ya kulimeza. Ingekuwa bora kuliko zote kama si kwamba inasumbua mawimbi. Magari mengi ya Kijapani yana antena ya redio iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma. Mengine yana kifaa cha kulifuatilia gari kilichofichwa chini ya dashibodi. Na dereva wa teksi ya mtandao anategemea simu imwonyeshe ramani sawasawa. Metali kwenye vioo vyote inaweza kudhoofisha hayo yote. Siishauri, isipokuwa kwa mteja aliyeelezwa na akakubali.

*Tinti ya seramiki.* Ina chembe ndogo mno za madini zinazozuia infraredi huku zikiacha mwanga upite. Haina metali ya kusumbua mawimbi. Nyingi nazo humeza sehemu ya joto, kwa hiyo anayedai kioo chake hakitapata moto hata kidogo anatia chumvi. Lakini kwa kiwango kilekile cha mwanga, inazuia joto kuliko aina mbili za kwanza kwa tofauti ambayo mteja ataihisi kwenye mkono wake siku hiyohiyo.

*Kwa ufupi:* rangi huficha, kaboni huficha na kudumu, seramiki hupoza. Metali hupoza pia, kwa gharama ya mawimbi.

Kusoma namba za kwenye boksi

Kuna namba tatu za kutazama, na wauzaji hupenda kuonyesha ile isiyosaidia sana.

1. VLT ni asilimia ya mwanga unaopita. Namba ikishuka, giza linapanda. Tinti ya 5 ni giza kamili, 20 ni nyeusi, 35 ni ya wastani, 50 na 70 ni nyepesi.
2. TSER ni jumla ya nguvu ya jua inayozuiwa, mwanga, infraredi na urujuanimno kwa pamoja. Hii ndiyo namba ya joto.
3. IRR ni infraredi inayozuiwa. Hapa ndipo penye mtego. Infraredi ya jua ni ukanda mpana, na kiwanda kinaweza kupima kipande kidogo tu cha ukanda huo, pale tinti yake inapofanya vizuri, kisha kikaandika 97.

Ukisoma TSER ndipo unapouona ukweli wa giza. Tinti ya rangi ya 5 mara nyingi huandikwa TSER ya 40 na kitu. Seramiki nzuri ya 50, ambayo mtu wa nje anaona uso wa dereva, inafika 50 au kuipita. Nyepesi imeishinda nyeusi. Mwonyeshe mteja namba hizo mbili upande kwa upande, zitafanya kazi kuliko maneno yako. Ukumbuke tu kwamba namba hizi hukokotolewa kwa kudhani kuna upepo fulani nje ya kioo. Kwenye foleni zote zinashuka kidogo, na zile zinazomeza joto zinashuka zaidi.

Namba ya giza nayo ina hesabu yake. Kioo cheupe cha gari hakipitishi mwanga wote. Tuseme kinapitisha asilimia 77. Ukibandika tinti ya 35, unapata 35 kwa mia ya 77, yaani kama 27. Kwa magari kama Noah, Alphard na Harrier jambo ni kubwa zaidi, kwa sababu vioo vya nyuma huja vyeusi kutoka kiwandani. Kama kioo hicho kinapitisha 20 na wewe ukaongeza tinti ya 20, kinachobaki ni 4. Usiku, mvua ya masika, barabara ya mtaa bila taa, dereva anarudi nyuma kutoka kwenye uwanja wake: haoni chochote.

Weusi wa kiwandani, tena, ni rangi iliyo ndani ya kioo na unaficha zaidi ya unavyopoza. Mteja wa Noah anayetaka ubaridi nyuma anafaa kuwekewa seramiki nyepesi ya 70 juu ya weusi uliopo. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kisha huja kushukuru.

Majaribio matatu ya kufanya dukani

Boksi lenye jina kubwa si ushahidi. Rolo la kampuni inayojali kazi yake huja na namba yake ya utambulisho, na dhamana yake inaitaja namba hiyo. Dai zote mbili. Hata hivyo usinunue rolo zima kabla hujapata kipande cha kiganja na kukijaribu. Muuzaji anayekataa kukukatia kipande ameshakujibu.

Jaribio la kwanza linahitaji asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Bandua karatasi ya kinga, weka kipande juu ya meza upande wa gundi ukiwa juu, lowanisha pamba na usugue kwa nguvu. Gundi itayeyuka na kujikusanya kama ute. Sasa tazama pamba. Ikiwa imebaki nyeupe, au imechafuka kwa gundi tu, rangi iko ndani ya poliesta. Ikiwa imekuwa nyeusi, na pale uliposugua pamebaki plastiki inayoonyesha hadi upande wa pili, basi rangi yote ilikuwa kwenye gundi. Rolo la namna hiyo ndilo linaloongoza kwa kugeuka zambarau, na gundi iliyojazwa rangi ndiyo ya kwanza kutoa mapovu. Usilinunue.

La pili ni la urujuanimno. Tafuta taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau wanayotumia wenye maduka na mawakala wa pesa. Mulika noti ya shilingi 10,000 mahali penye kivuli. Utaona alama zinang'aa. Kisha ingiza kipande cha tinti kati ya taa na noti. Tinti inayozuia urujuanimno huzizima alama hizo. Fanya hivi kwa tinti nyepesi, maana nyeusi itafifisha kila kitu na haitakufundisha lolote, na ulinganishe na kipande cha tinti unayoiamini, kwa kuwa baadhi ya taa za bei ndogo hutoa zambarau ambayo hata tinti nzuri huipitisha kidogo.

La tatu linahitaji subira. Chukua kioo cha mlango kilichotolewa kwenye gari bovu. Eneo la Gerezani na kwenye maduka mengine ya vipuri vya mtumba havikosekani. Bandika vipande vya marolo yote unayoyafikiria, sambamba, kila kimoja na jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Funika nusu ya chini ya kila kipande kwa boksi na utepe usiopitisha mwanga. Weka kioo juu ya paa la duka, kitazame angani. Anza Desemba, kiangazi kikiwa kimeanza kukolea, na ukifunue masika yanapoingia. Mpaka kati ya nusu iliyofunikwa na nusu iliyochomwa utakuambia habari ambayo hakuna boksi linaloiandika. Kisha kiache hapo masika yote uangalie kingo: gundi dhaifu huanza kuachia pembeni, unyevu unapojipenyeza. Kioo hicho kikikomaa, kitundike ukutani dukani. Mteja anayebishana bei ataziona rangi mwenyewe.

Wauzaji nao wana onyesho lao, taa ya moto ndani ya sanduku, unaambiwa uweke mkono nyuma ya tinti. Taa ile hutoa infraredi zaidi kuliko jua, kwa hiyo inaipendelea tinti yenye IRR kubwa. Furahia onyesho, halafu uliza TSER.

Marolo ya kuanza nayo

Rolo la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30. Magari mangapi linatosha hutegemea ukubwa wa gari na ustadi wa kukata. Pima kila kazi na uandike, ndani ya mwezi utakuwa na wastani wako mwenyewe.

Tuifanye hesabu ya bei kwa mfano. Tuseme rolo la rangi ni shilingi 180,000, la kaboni ni 300,000, na kila moja linatosha magari saba. La rangi linakugharimu kama 26,000 kwa gari, la kaboni 43,000. Ukiishia hapo utanunua la rangi. Sasa tuseme kati ya magari saba ya rangi mawili yanarudi na mapovu. Tinti ya kurudia ni kama 52,000. Kubandua ya zamani, kusugua gundi na kubandika upya kunakula siku nzima kwa kila gari, na kama siku ya kazi huingiza faida ya 60,000, umepoteza 120,000. Rolo la 180,000 limefika zaidi ya 350,000, na bado hatujamhesabu mteja aliyewasimulia wenzake kijiweni.

Mimi ningeanza hivi: kaboni ya 35 rolo zima, kwa sababu ndiyo itakayotoka sana, kaboni ya 20 kwa vioo vya nyuma vya magari yaliyokuja meupe, na seramiki ya 50 au 70, inunuliwe kwa mita kutoka kwa muuzaji wa jumla hadi ujue wateja wako wanaimudu. Ya 5 nisingeiweka dukani kabisa. Ndiyo, utawakosa baadhi ya watu. Lakini ukishakuwa nayo kwenye rafu, kila mteja ataitaka, na utarudi palepale tulipoanza.

Giza, usiku na askari

Japani, zinakotoka gari zetu nyingi za mtumba, hairuhusu vioo vya milango ya mbele kupitisha mwanga chini ya asilimia 70. Ndiyo maana gari hufika bandarini na vioo vya nyuma vyeusi na vya mbele vyeupe. Uingereza nayo inataka 70 kwa vioo vya pembeni vya mbele, na 75 kwa kioo cha mbele. Kwa jirani zetu Kenya, Mei 2014, baada ya mabasi kulipuliwa kwenye barabara ya Thika jijini Nairobi, serikali iliamuru vioo vya giza viondolewe kwenye magari ya abiria. Amri za namna hiyo huja ghafla, na mwenye gari anayelazimika kubandua hukumbuka duka lililombandikia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kioo cha mbele na milango ya mbele, zungumza na askari wa usalama barabarani wa wilaya yako ujue wanachokisimamia, na umweleze mteja kabla hajalipa. Zaidi ya sheria kuna macho. Barabara za ndani za Chamazi au Bunju usiku zina watembea kwa miguu wasio na njia yao, bodaboda isiyo na taa ya nyuma, na dimbwi linaloficha shimo. Dereva huvuka makutano kwa kutazama kupitia kioo cha mlango wake. Kioo hicho kisishuke chini ya kiwango ambacho wewe mwenyewe ungekubali kuendeshea usiku wa mvua.

Kioo cha mbele kiachwe kiwe cheupe. Kina matabaka mawili yenye utando wa plastiki katikati, na utando huo tayari huzuia karibu urujuanimno wote. Kinachopita ni infraredi, na kwa hiyo seramiki ya 70 au nyepesi zaidi ndiyo pekee ya kufikiria.

Maji na vumbi

Tinti bora hubandikwa vibaya kila siku kwa sababu ya maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji ya sabuni yaliyochanganywa na maji ya kisima yakikauka chini ya tinti huacha vidoti vyeupe visivyotoka. Tumia maji ya kunywa yaliyochujwa, yenye matone machache ya shampuu ya watoto. Kama kazi iko kando ya barabara ya vumbi, mwagia sakafu maji kwanza, zungushia turubai, na usibandike upepo wa mchana unapovuma.

Masika gundi hukauka taratibu. Mwambie mteja asishushe vioo kwa siku tatu au nne, na kwamba ukungu mdogo au vipovu vya maji atakavyoviona wiki ya kwanza vitakwisha vyenyewe. Vikibaki baada ya mwezi, arudi.

Akirudi, uwe mwangalifu na kioo cha nyuma. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu imechorwa juu ya kioo, upande uleule wa tinti, na wembe huikata bila kutoa sauti. Pasha tinti kwa mvuke au hewa ya moto, ivute polepole kwa kufuata mistari, gundi iliyobaki uilainishe kwa maji ya sabuni na kuisugua kwa kitambaa laini. Jaribu mistari ikiwa inawaka kabla hujaanza kazi, mbele ya mteja, na uandike kwenye daftari pamoja na namba ya rolo, kioo gani kimewekwa nini, na tarehe.